Nyuzi Kumi na Tano

Muuzaji wa St. Johnsbury anaanza na nguvu za farasi.
Ishirini na tano, anasema, thelathini na tatu,
anaipiga boneti kofi kama yuko mnadani na fahali.
Mume wangu Kiangi ameshapanda kitini,
mikono kwenye usukani,
miaka sitini na minne, na bado mtoto wa mtu.

Mimi nimekuja na karatasi.
Jana nililaza ubao wa futi tatu juu ya ardhi yetu,
nikaweka pima maji, nikauinua upande wa bondeni
hadi kipovu kikatulia katikati,
nikapima pengo chini yake.
Nyasi za mbele, inchi nne.
Njia ya gari, sita.
Chini ya mitufaha, kumi na sita.

Muuzaji anakuna sikio. Anapiga hesabu.
"Zaidi ya nyuzi kumi na tano," anasema, sasa polepole,
"pale kwenye mitufaha, sina cha kukuuzia."
Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Jirani yetu Alden Whitcher aliukunja ule upinde wa chuma
usikwaruze matawi.
Ilikuwa Juni, umande haujakauka,
gurudumu la juu likakanyaga kisiki cha zamani.
Trekta haikuanguka, anasema. Ilijilaza,
kama mbuzi aliyechoka,
juu ya paja lake.
Hajawahi kunipa ushauri.
Huja kuchukua barua zake kwa magongo mawili,
basi.

Kwetu Upare mlima tuliupanda kwa mshazari.
Mama na mzigo wa majani ya ng'ombe,
kushoto, kulia, kama sindano kwenye pindo,
na aliyepanda wima tulimcheka:
huyo ana haraka ya kwenda kuchoka.
Mashine haijui hayo.
Mashine inataka wima, juu kinyumenyume, chini kwa uso,
ikikingama inakutafutia kaburi.
Nimebidi niisahau miguu yangu
ndipo nijifunze magurudumu.

Kiangi alitaka yenye kibanda cha kioo, na joto ndani.
Kibanda kinainua uzito, nikamwambia,
na bei. Utavaa koti.
Tukachukua ndogo, fupi, iliyotanua miguu,
yote minne inavuta.
Matairi ya nyuma wameyajaza maji ya bitiruti,
mazito, hayagandi.
Kiangi alicheka hadi akashika mbavu:
wajukuu wanaikataa bitiruti mezani,
trekta inakunywa debe nane!
Mbele hatukuweka sepetu. Sepetu husukuma,
na ifikapo Februari hakuna tena pa kusukumia.
Tuliweka ile inayokula theluji
na kuitema ng'ambo ya ukuta wa mawe.

Usiku wa tarehe tisa Desemba zilishuka inchi kumi na nne.
Alfajiri gari la kijiji likapita
likatuzibia mdomo wa njia kwa tuta la barafu, kawaida yake.
Sasa niko jikoni, nakoroga uji.
Taa za trekta zinapanda dirishani, zinashuka,
minyororo inatafuna changarawe.
Zinapanda.
Mlio ukibadilika, mwiko unasimama.
Upinde uko wima, niliukagua mwenyewe.
Mkanda niliusikia ukisema kach.
Mlio unarudi, mwiko unaendelea.

Na ule mteremko wa mitufaha?
Umelala chini ya theluji, haudaiwi kitu na mtu.
Kiangazi nitaushukia na fyekeo,
kwa mshazari,
kushoto, kulia,
asubuhi Kiangi akiwa bado amelala.
Sijamwambia.